Kofia Yangu Ilikimbia

Mtoto aliyeniletea helmeti yangu siku ile alikuwa na sare za shule, viatu kavishika mkononi visilowe. Alikuwa ameteremka mpaka kwenye kijito kuifuata. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni sahani ya chakula, akasema, "Shikamoo bibi shamba. Kofia yako ilikimbia."

Nilikuwa nimekaa chini ya ngema ya barabara, damu inatiririka nyuma ya sikio, mkono wa kushoto haunyanyuki. Niliitazama ile helmeti nikashindwa hata kuitikia marahaba. Ukiacha tope na mikwaruzo miwili ya mawe, ilikuwa nzima kuliko mimi.

Mimi ni afisa ugani tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero, upande wa juu wa milima ya Uluguru. Wanaume wa kazi hii huitwa bwana shamba, nasi wanawake ni bibi shamba, hata kama una miaka 27 na hujaolewa. Huku ni kabichi, karoti, njegere na mbuzi wa maziwa, na mashamba yamening'inia kwenye miteremko kiasi kwamba mkulima akiangusha jembe huenda akalifuata kwa jirani wa chini. Nilikuwa natembea kwa miguu, au nalipa bodaboda kwa pesa yangu. Kisha mwaka 2022 serikali ikagawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, nami nikawa mmoja wa waliopata.

Nilipoulizwa kama najua kuendesha, nilisema najua. Nilichokuwa najua ni baiskeli.

Aliyenifundisha ni kijana wa kijiwe cha bodaboda, kwenye uwanja wa mpira, jioni, watoto wakitucheka. Baadaye nilikwenda mjini kujifunza rasmi na kupata leseni ya daraja A, lakini yule kijana ndiye aliyenipa mkono wa kwanza, na mkono wa kwanza hautoki upesi. Alinifundisha vizuri mambo mengi: kuachia klachi taratibu, kupandia upande wa kushoto kwa sababu bomba la moshi liko kulia, kuhakikisha stendi imepanda kabla ya kuondoka, maana ukikata kona ya kushoto stendi ikiwa chini inagonga ardhi na kukunyanyua kama jeki. Hayo yote yamenisaidia. Lakini alikuwa pia na sheria zake tatu, alizozisema kwa uhakika wa mzee wa kanisa. Breki ya mbele usiiguse, itakupindua. Kwenye mteremko zima injini, uokoe mafuta. Na helmeti ni ya trafiki.

Sheria ya tatu niliikataa mapema. Sikuwa mjinga, nilijua helmeti ni ya kichwa. Nilikwenda mjini Morogoro nikanunua yangu, ya kufunika kichwa chote na kidevu, yenye kioo cha mbele na ua la waridi ubavuni. Shilingi 30,000. Siku hiyo nilikuwa nimesuka rasta, nyingi, nene, za kushuka mgongoni. Muuzaji alinipa ya kwanza ikanibana, akanipa kubwa zaidi ikaingia kwa raha. "Hiyo ndiyo yako, dada," akasema, nami nikaona kweli.

Kumbuka zile rasta.

Ajali yenyewe ilikuwa Jumatatu asubuhi, miezi mitano baadaye. Jumapili jioni nilikuwa nimefumua nywele, nikitegemea msusi aje anisuke upya usiku. Msusi akapata msiba, hakuja. Asubuhi nikachana nywele zangu fupi, nikazifunga kitambaa chepesi, nikavaa helmeti yangu ya waridi, nikafunga ukanda wake pale pale ulipokuwa umezoea kufungwa, nikaanza kuteremka kuelekea Mlali. Niliona inacheza kidogo. Nikaisukuma nyuma kwa kidole, ikarudi mbele, nikaisukuma tena. Nakumbuka niliona kero tu, kama mtu ambaye suruali yake inateremka kiunoni.

Kulikuwa na ukungu, ule wa Mgeta unaokaa barabarani mpaka saa nne. Kwenye kona moja yenye changarawe, bodaboda aliyepakia viroba vya kabichi alitokea akiwa amechukua katikati ya njia, kwa sababu mzigo wake ulikuwa mpana kuliko upande wake wa barabara. Sikuwa na mwendo mkali, kama kilomita 30 kwa saa. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu: kwa mwendo huo pikipiki inakula zaidi ya mita 8 kila sekunde, na mimi nilikuwa naona kama mita 15 mbele. Ukistuka kwa sekunde moja tu, nusu ya njia imekwisha kabla hujagusa chochote.

Nilishika kila kitu kwa pamoja. Breki ya nyuma kwa mguu, ya mbele kwa mkono, yote mpaka mwisho, huku pikipiki imelala kwenye kona. Gurudumu la mbele likateleza juu ya changarawe nami nikaenda chini upande wa kushoto. Mikono ilitangulia, kisha bega, kisha kichwa. Ninachokumbuka vizuri kabisa ni baridi masikioni, ule upepo wa ghafla, kabla kichwa hakijagonga. Helmeti ilikuwa imeshaondoka.

Mungu alinitengea ngema ya udongo uliolowa badala ya jiwe. Nilivunjika mtulinga, nikashonwa nyuzi 11 nyuma ya sikio, na ngozi ya viganja vyote viwili ilibaki Mgeta. Yule wa kabichi alisimama, akatupa viroba vyake kando ya barabara akanipeleka yeye mwenyewe mpaka zahanati. Kabichi zake zingine hakuzikuta aliporudi.

Kuhusu viganja nataka nieleze kidogo, kwa sababu hakuna anayekuambia. Ukianguka, mikono hutangulia; hilo hulipangi, mwili unajifanyia. Mtulinga uliniuma kwa wiki kadhaa, ila viganja ndivyo vilivyonidhalilisha. Kwa siku 16 sikuweza kumenya ndizi, kufungua mlango, kufunga gauni wala kumega ugali. Mama yangu alikuja kutoka Kilosa akanilisha kama mtoto, akinikumbusha kila tonge kwamba alinishauri nisomee ualimu. Glavu za ngozi za mtumba zenye pedi kiganjani nilizinunua baadaye kwa shilingi 8,000.

Nikiwa nimelala na mkono kifuani nilikuwa na muda wa kusoma. Upo uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nilizitazama namba hizo nikacheka mpaka bega likauma. Mtu angekuja kunihoji kama nilikuwa nimevaa helmeti, ningejibu ndiyo, bila kudanganya. Ningehesabiwa upande wa waliovaa.

Kilichoniumiza zaidi ni kazi yangu. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya wakulima kuwaambia wasinunue mbegu kwa kutazama picha ya mahindi kwenye pakiti, watafute lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wakwangue namba, wahakiki. Mimi ndiye ninayewagombeza wanaopiga dawa ya kabichi bila glavu wala barakoa, nao hunijibu "bibi shamba, joto." Nikaenda dukani nikanunua ua la waridi.

Kwa hiyo safari ya pili nilikwenda kama mtu anayenunua mbegu. Kabla ya kutoka nyumbani nilipima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kuzunguka juu kidogo ya nyusi na pale kichwa kinapojitokeza kisogoni. Sentimita 56. Kisha nikamwomba dada wa saluni aliyekuwa na rasta kama zangu za zamani nimpime, halafu nikampima siku alipofumua. Tofauti ilikuwa sentimita 3. Kwa helmeti nyingi hiyo ni tofauti ya kutoka saizi S mpaka L. Yaani nilikuwa nimenunua helmeti ya nywele, si ya kichwa, na nywele nilikuwa nazibadilisha kila mwezi.

Dukani nilivaa, nikafunga ukanda, nikatikisa kichwa kulia na kushoto kama anayekataa mchumba. Helmeti inayokufaa haizunguki peke yake; mashavu na ngozi ya paji la uso vinakwenda nayo. Nikainama, nikamwambia muuzaji aishike kwa nyuma pale shingoni aisukume juu na mbele, kama anayetaka kunivua. Alisita, akafikiri namtania. Helmeti ya kwanza ilitoka ikiwa imefungwa. Akanyamaza. Nafikiri hata yeye alikuwa hajawahi kuona. Ya tatu ndiyo iliyokataa kutoka. Ilinibana mashavu mpaka midomo ikachomoza kama ya samaki, na muuzaji akasema ni ndogo, lakini kubanwa mashavu ni sawa, sifongo hulegea baada ya wiki kadhaa. Isiyo sawa ni kubanwa paji mpaka kichwa kiume. Ukanda nao ukaze hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu.

Halafu nikatafuta lebo. Kuna alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha, nayo hushonwa kwenye ukanda, kwa kiwango kiitwacho ECE 22.05 au kile kipya cha 22.06. Kuna DOT ya Marekani, na kuna ISI kwenye helmeti za India, ambazo huku kwetu ziko nyingi. Stika hughushiwa, kama lebo za mbegu, kwa hiyo stika peke yake isikulaze usingizi. Mimi nilivuta kitambaa cha ndani nikatazama kama kuna lile povu gumu jeupe, jamii ya lile linalokuja na boksi la televisheni. Helmeti ya ua la waridi ilikuwa na sifongo laini tu na povu jembamba kama biskuti. Povu hilo ndilo linalofanya kazi: kichwa kikigonga, linabonyea na kumeza kishindo. Likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali hufanya kazi mara moja tu, hata kama kwa nje inang'aa, na ndiyo maana sinunui ya mtumba ambayo sijui ilianguka na nani. Koti la mtumba nitavaa, helmeti ya mtumba hapana.

Nilitoa shilingi 110,000. Niliona uchungu, nisiseme uongo.

Tuzungumze nywele basi, kwa sababu wanaume wanaoandika habari za pikipiki hawazungumzi nywele. Siku hizi nasuka twende kilioni na mitindo mingine inayolala kichwani, mistari ya kwenda nyuma bila vifundo juu. Puto la nywele utosini linainua helmeti nzima na kuacha pengo. Wigi linateleza kama sabuni. Rafiki zangu wanaovaa hijabu niliwaambia waache pini nyumbani, wavae ile kofia laini ya kuvuta kichwani chini ya helmeti, maana pini iliyo chini ya gamba gumu ina mahali pamoja tu pa kwenda ukigongwa.

Na khanga. Mwanzoni nilikuwa naendesha nimevaa suruali na khanga juu yake, kwa heshima, kwa sababu nakwenda kwenye vikao vya wazee. Siku moja ncha ya khanga ilishikwa na mnyororo nikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, ikanivuta nyuma ikachanika. Khanga ile ilikuwa imechakaa, nadhani uchakavu wake ndio uliniokoa. Sasa khanga inakaa kwenye begi. Nikifika nasimama pembeni, najifunga, ndipo naamkia. Wazee wameshazoea, mmoja huwa anageuka kutazama mlimani mpaka nimalize.

Gambuti nilizoea kuzivaa kwa sababu ya shamba. Kwenye tope hazina mpinzani, kwenye pikipiki ni vita: zinateleza kwenye kanyagio la breki zikilowa, na ya kulia iliwahi kuyeyukia kwenye bomba la moshi, harufu yake sikuisahau wiki nzima. Nikahamia viatu vya ngozi vya kufunika kifundo, vile vya mafundi ujenzi. Koti nililoangukia lilikuwa la nailoni, lile jepesi la mtumba. Kwenye kiwiko liliyeyuka kwa msuguano, muuguzi akawa anachomoa vipande na kibano huku akiniuliza habari za bei ya karoti ili nisilie. Ngozi au jinzi nzito ni afadhali, ingawa jinzi nayo haiwezi kusuguana na lami kwa muda mrefu. Na ile desturi ya vijana wa milimani kuvaa koti kinyume, mgongo mbele, kuzuia upepo wa asubuhi, naielewa kabisa kwa sababu baridi ya huku haina utani. Ila koti lililofungwa nusu linageuka tanga.

Nirudi kwenye zile sheria mbili nyingine, maana vifaa vinakuja kazini baada ya mambo kuharibika.

Yule kijana aliyenifundisha alikuja kuniona nyumbani na maembe. Akasema, "Si nilikwambia? Breki ya mbele imekuangusha." Tulibishana sana siku hiyo, yeye na maembe yake, mimi na bandeji zangu. Iliyoniangusha ni breki ya mbele ambayo sikuwahi kuifanyia mazoezi. Bebeni ndoo ya maji kichwani halafu msimame ghafla: maji yote yanakimbilia mbele. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ukifunga breki, uzito unakwenda mbele, gurudumu la mbele linashindiliwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele, na anayetumia ya nyuma peke yake anasafiri mita nyingi asizozihitaji. Lakini inatakiwa kuminywa kama unavyokamua mbuzi, taratibu na kuzidisha, pikipiki ikiwa imesimama wima. Kuikaba ghafla umelala kwenye kona ya changarawe ni kujitupa. Nilipopona nilirudi kwenye ule uwanja wa mpira nikarudia kusimama, mara 20 kila jioni, kutoka mwendo mdogo kwenda mkubwa, kwenye nyasi kavu na kwenye nyasi zenye umande. Hilo lilikuwa somo la siku ya kwanza ambalo sikupewa.

La kuzima injini mteremkoni sikulibishania, nilimwonyesha. Tulipanda mpaka juu ya Nyandira, tukateremka mara moja kwa gia ya pili bila kuvuta mafuta, kisha kwa nyutro. Ya kwanza injini yenyewe inaishikilia pikipiki, unasaidia na breki kidogo tu. Ya pili tulifika chini breki ya nyuma inanuka na yeye haongei. Mafuta aliyookoa, kwa hesabu yake mwenyewe, hayakufika bei ya maandazi mawili.

Kwenye abiria bado ninapambana. Sheria inataka naye avae helmeti, mimi pia nataka, lakini mama wa watu anayewahi sokoni na kabichi hataki kuvaa kitu kilichotoka kwenye jasho la mtu mwingine, na siwezi kumlaumu. Nimeshona vikofia sita vya kitambaa cha pamba, navifua, navipanga kwenye mfuko mmoja na helmeti ya pili. Wengine huvaa, wengine huniambia watanivulia kikofia wakifika, kisha wanaondoka nacho. Vimebaki vinne.

Mwezi uliopita nilikwenda kijiweni na futi yangu. Nilitaka nipime vichwa vya vijana wote ili tuagize helmeti kwa pamoja, tupate bei ya jumla. Walicheka sana. Mmoja aliuliza kama nawapimia majeneza, mwingine akasema bibi shamba amemaliza mashamba sasa anakagua vichwa kama kabichi. Lakini walipanga foleni. Wengi walikuwa kati ya sentimita 55 na 58, na wengi wao walikuwa wanavaa saizi kubwa mno, ya mwenye pikipiki au ya aliyewatangulia. Wawili walikuwa na zile za ujenzi, za njano.

Yule aliyenifundisha alikuwa wa mwisho. Nikazungusha futi, nikarudia, nikamwita mwenzake athibitishe. Sentimita 62. Kumbe miaka yote helmeti alikuwa anaitundika kwenye kioo cha pembeni kwa sababu haikuwahi kumwingia, akaona heri aseme ni ya trafiki kuliko kusema ana kichwa kikubwa. Saizi yake haikupatikana duka lolote tuliloulizia Morogoro. Tumeiagiza Kariakoo, na dereva wa basi anasema labda Ijumaa.